Kilo ya Kibe

Siku ya kuniaga, wenzangu wa karakana walinikatia keki, wakanifunga leso mbili begani, kisha wakataka niseme neno. Nilisema asanteni, nikaketi. Wengine walicheka, wakadhani naringa. Kumbe kulikuwa na swali lililonikaa akilini. Shiro, fundi wetu mpya wa mizani za dijitali, alikuwa ameniuliza dakika chache kabla, tukiwa kwenye foleni ya pilau: "Mama Njoki, umepimia watu mizani miaka yote hii. Wale wafanyabiashara waaminifu, wanakuwanga waaminifu kwa nini? Ni wema, ama ni vile inalipa?"

Mtu hawezi kujibu swali kama hilo akiwa ameshika sahani. Sasa nimestaafu na nina wakati, kwa hivyo Shiro, na nyinyi wengine, nawaandikia nilichokiona. Sitaandika habari za vyeo. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili nilibaki kwenye kiti kilekile chenye mguu mfupi.

Nilifika karakana ile ya Thika nikiwa na cheti cha kazi za vyuma na viatu vya kuazima. Mnapajua mahali penyewe, nyuma ya viwanda, ambapo upepo ukigeuka asubuhi unaleta harufu ya mananasi yanayochemshwa. Mwenye karakana alikuwa Mzee Singh, baba yake Jasbir mnayemfanyia kazi sasa. Alikuwa mrefu, kilemba chake daima cha buluu, na vidole vyake vilikuwa vyembamba kama vya mshonaji. Hakuniuliza kama mwanamke anaweza kazi hii. Aliniwekea mezani mawe mawili ya mizani, ya shaba, ya kilo moja moja.

"Moja hapa iko mwongo," akasema. "Tafuta. Bila mizani."

Akaenda zake. Niliyapima kwa mikono mpaka viganja vikachoka. Nikayanusa. Nikayagonga pamoja nisikilize mlio. Saa sita wenzangu walikwenda kula, mimi nikabaki. Mwishowe, kama saa kumi, niliyapindua na kuyapeleka mlangoni penye jua. Chini ya jiwe la mizani huwa kuna tundu lililojazwa madini ya risasi. Kwenye jiwe moja ile risasi iling'aa kidogo kupita kiasi. Nikaikwaruza kwa ukucha, ikalainika. Ilikuwa nta iliyochanganywa na masizi, na chini yake tundu lilikuwa tupu.

Nilimpelekea Mzee Singh nikiwa nimejaa furaha, nikitarajia alaani wezi. Alivaa miwani akalitazama lile tundu kwa muda mrefu.

"Safi sana," akasema. "Angalia. Huyu mtu alikaa chini mchana, na drili kidogo, na pole pole. Mikono mzuri kabisa. Ningeweza andika yeye kazi hapa."

Hilo lilinishangaza kuliko jiwe lenyewe. Nilikuwa nimezoea kudhani mwizi ni mtu mvivu. Kumbe udanganyifu mzuri una kazi nyingi, na mtu aliyeweza kuufanya angeweza pia kutengeneza kitu cha kweli kwa jasho lilelile. Kwa nini akachagua huu? Nafikiri ni siku hiyo nilipoanza kupenda kazi. Mizani ilinivutia, lakini mtu anayesimama nyuma ya mizani alinivutia zaidi.

Mzee Singh alinifundisha vifaa kimoja kimoja. Kile kisanduku cha mbao chenye mawe ya kupimia mengine yote, ambacho mnakilalamikia kwa uzito, aliniambia nisikifungue kamwe bila glavu. Jasho la kidole lina uzito wake, na jiwe likishikwashikwa kwa mwaka mzima linaanza kusema uongo bila mtu yeyote kukusudia. Alinifundisha kusikiliza springi iliyochoka. Alinifundisha ile koleo ya sili, inayobana kipande cha risasi kwenye waya ili mtu asifungue mizani bila kuonekana. Kila fundi alikuwa na koleo yake yenye namba yake. Serikali ina muhuri wake, lakini ile sili yetu ndiyo watu wa Thika na Ruiru walikuwa wakiitafuta kwa macho kabla ya kununua nyama.

Na bado Mzee Singh hakuwa malaika. Bei zake zilikuwa kali na hakupunguza hata kwa mjane. Nilimwona akimnyima fundi mwenzake wa mtaa wa pili skrubu tatu. Lakini kwa mizani hakusogea hata gramu. Mwenye duka mmoja mkubwa aliwahi kumwahidi kazi ya matawi yake yote ikiwa sindano ya mizani zake itaanza mbele kidogo ya sifuri. Mzee alimsindikiza hadi nje, akamfungulia mlango wa gari kwa adabu, akamwambia asirudi.

Nilimuuliza kama ni dini inayomkataza. Akacheka. "Dini pia. Lakini mimi nauza kitu moja tu hapa. Watu kuamini. Nikiuza hiyo mara moja vibaya, duka imekwisha."

"Kwa hivyo si wema, Mzee. Ni biashara."

"Wewe unauliza chai ni maji ama ni majani," akanijibu, akarudi kwenye vaisi yake ya kubania vyuma.

Nilidhani amenikwepa. Miaka mingi baadaye, Mzee akiwa ameshafariki na Jasbir ameshika usukani, ndipo nilipoanza kuona kwamba alikuwa ameniachia kazi ya nyumbani.

Hapo katikati niliona kila ujanja. Sumaku chini ya sahani, barafu ndani ya samaki, karatasi nzito ya kufungia, kidole gumba. Mizani za dijitali zilipokuja tulisema wizi umekwisha. Kumbe wizi ulijifunza kompyuta tu. Niliwafundisha mafundi kadhaa, na aliyenishinda kwa mikono alikuwa Mutua. Alikuja kwetu akiwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, mkimya, na angeweza kufungua mizani usiyowahi kuiona akakwambia aliyeitengeneza alikuwa na haraka. Nilimpenda kama mdogo wangu. Mama Mizani, ndivyo alivyoniita, na baadaye Mama tu.

Sasa niwaambie kuhusu Gatongora.

Jumanne moja Ndirangu alinipigia simu. Ndirangu alikuwa na bucha Gatongora, karibu na yale magorofa ya kupangisha, na alikuwa mteja wetu tangu enzi za Mzee. Mtu mkavu, mzee wa kanisa, aliyekata nyama kama anayesoma hukumu. Aliniambia mizani yake imeharibika. Nilibeba kisanduku nikaenda. Niliweka jiwe baada ya jiwe kwenye sahani. Ilikuwa sawa mpaka gramu ya mwisho.

"Iko sawa, Ndirangu."

"Haiko sawa."

"Njoo uone mwenyewe."

Hakuja. Alikuwa anapangusa ubao wa kukatia ambao ulikuwa tayari mkavu. "Ingekuwa sawa ningekuwa na wateja. Mama Njoki, nirekebishie kidogo. Gramu mia. Hata themanini."

Nilimwangalia huyu mtu niliyekuwa nikimtaja kwa wanafunzi wangu kama mfano. Alikwepa macho yangu.

"Kwa nini?"

Alinyoosha kisu kuelekea ng'ambo ya barabara. Bucha mpya, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe, redio inaimba, watu sita kwenye foleni. Kwenye ubao, kwa chaki, bei iliyokuwa chini kuliko ya Ndirangu. "Tunanunua nyama mahali pamoja, kwa bei moja," akasema. "Niambie anaishije. Mimi nimekuwa mwaminifu miaka yangu yote, na uaminifu umenifikisha hapa. Nyama inanikaukia kwenye ndoano."

Sikumrekebishia. Lakini sikumwambia maneno ya kanisani pia, maana nilijiuliza: je, mtu ambaye hajawahi kuibiwa wateja namna hii, anajuaje kama ni mwaminifu? Labda hata mimi nilikuwa nimepata tu mshahara usiochelewa.

Nilivuka barabara, nikapanga foleni, nikaomba kilo moja ya nyama ya kuchemsha. Mwenye bucha, aliyeitwa Kibe, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, mwenye mdomo usiopumzika. "Karibu, mathe! Leo nakuwekea ya mgongo, usimwambie mtu." Nikarudi kwa Ndirangu na kuipima. Gramu mia nane na ishirini.

Mbele yangu kwenye ile foleni alikuwa mwanamke aitwaye Nyambura, mwenye kibanda cha chakula karibu na stendi. Nilimkuta bado kando ya barabara akingoja boda boda, nikamwambia kwa upole, kama daktari anayeleta habari mbaya, kwamba kilo ya Kibe haifiki kilo.

"Kwani nani hajui?" akaniuliza. "Hiyo tunaiita kilo ya Kibe."

"Unajua na unanunua?"

"Huyo mwingine ananikatia nyama kama nimemkosea. Kibe aliniuliza kama mtoto amepona. Tena alikumbuka ni sikio."

"Lakini ukihesabu vizuri, kwa gramu unazopata, Kibe ndiye ghali."

"Haiya, hiyo hesabu ni yako, mama. Mimi huingia na pesa ya kilo na kutoka na kilo. Nikiwaambia wateja wangu nimepandisha bei ya sahani kwa sababu nimekuwa mtu wa haki, watakuja kula kwangu?" Boda boda ikafika, akapanda na nyama yake, akanipungia mkono vizuri kabisa.

Nilibaki pale na mfuko wangu. Miaka yote niliyofanya kazi nilikuwa nikiamini kuna anayedanganya na anayedanganywa. Sikuwa nimewahi kukutana na aliyedanganywa akiwa amekubali, akatia na shukrani juu yake.

Nilirudi kwa Kibe, nikajifanya natafuta maini, nikaangalia mizani yake kwa karibu. Kwenye waya ilining'inia sili yetu, imebanwa vizuri. Nikasoma namba. Ilikuwa ya Mutua.

Sikumbuki njia niliyorudi nayo Thika siku hiyo. Asubuhi yake nilimkuta Mutua kwenye meza yake akisafisha kisu cha mizani, kile kichuma chenye makali ambacho mkono wake huegemea, kwa brashi ya meno. Niliweka ule mfuko wa nyama mbele yake. Hakuuliza ni wa nini.

"Gatongora," akasema.

"Gatongora. Mutua, kwa nini?"

"Aliomba, nikamuuzia." Sauti yake haikupanda. "Mama, wewe niambie nani amelazimishwa pale. Kibe anataka mizani ya namna hiyo. Wateja wanajua, umeshawauliza, nakujua wewe. Wanaenda kwa miguu yao. Kila mtu amepata alichotaka. Si hiyo ndiyo soko?"

"Ndirangu hajapata."

"Ndirangu ashushe bei, ama ajifunze kucheka. Akishindwa afunge. Hata hiyo ni soko."

Nilisimama pale mbele ya mtu niliyemfundisha mimi, na alikuwa amepanga hoja yake kwa ustadi uleule aliofungulia mizani. Kila kipande kilikaa mahali pake. Nilijua kuna tundu mahali, kama lile la siku yangu ya kwanza, na nikawa nalitafuta kwa ukucha.

"Na sili?" nikasema mwishowe. "Kibe alinunua gramu. Sawa, tuseme ziliuzwa na aliyekuwa nazo. Sili ilikuwa ya nani? Ile inasema karakana nzima imepima. Inasema Mzee amepima, na amekufa. Inasema mimi nimepima. Mimi hukuniuliza kama nauzwa."

Hapo ndipo Mutua alipoweka brashi chini.

"Ni ngapi?" nikamuuliza.

"Sikumbuki zote," akasema, na nikaona kwamba hata yeye lile jibu lilimtisha.

Nilikwenda kwa Jasbir ofisini. Jasbir si mtu mbaya na si shujaa. Alinisikiliza akikunja na kukunjua klipu ya karatasi mpaka ikakatika. Tulikuwa watu tisa kazini wakati ule.

"Mama Njoki, tukitangaza, tumekwisha," akasema. "Nani ataamini mizani yetu tena? Tumfukuze Mutua, turekebishe moja moja kimya kimya. Hakuna mtu atajua."

"Mimi najua. Na wewe umejua sasa hivi. Samahani."

Alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona akizunguka gari lake, mara tatu, nne, akipiga magurudumu teke taratibu kama mtu anayelinunua. Nilitamani sana kujua kinachopita kichwani mwake. Nilimuuliza miaka baadaye. Alisema alikuwa akijaribu kupata sababu moja ya kibiashara ya kutangaza, moja tu, ili asijione mjinga, na hakuipata. Akaingia ndani akatangaza hivyo hivyo. Tangazo lilibandikwa Thika na Ruiru: mizani yoyote yenye sili yetu, ya namba yoyote, ije ipimwe upya bila malipo, kwa kuwa baadhi tulizifunga zikiwa na makosa. Aliweka jina lake chini.

Mutua aliacha koleo yake mezani, akaondoka kabla ya chai.

Nisiwadanganye kuhusu yaliyofuata. Hadithi za namna hii kwa kawaida husema mwenye kutenda haki hulipwa, tena haraka. Wateja walitukimbia. Wale waliokuwa wamenunua uongo walikimbia kwanza, na wale waliokuwa na mizani za kweli wakafuata, kwa aibu ya kuonekana na sili yetu. Kabla mwaka haujaisha, watatu kati yetu walikuwa wameachishwa kazi. Mmoja alikuwa Otieno, aliyekuwa akipaka mizani rangi. Otieno hakuwahi kugusa springi maishani mwake. Alivaa koti lake, akanipa mkono, akaniambia, "Ulifanya vizuri, Mama," na ningependelea angenitukana. Mimi ndiye niliyesema ukweli, na bili ikapelekwa kwake. Sijui soko lina macho ya aina gani.

Katika zile mizani tulizopima upya, Shiro, ndipo nilipoona jambo ambalo bado linanichekesha. Mutua alikuwa amewauzia wengi, na mmoja wao alikuwa yule mwenye nyama ya jumla, ambaye wenye bucha wote wa Gatongora walinunua kwake. Mizani yake kubwa ya kutundika ilizidisha. Kila robo ya ng'ombe ilionekana nzito kuliko ilivyokuwa. Niliipima mara tatu, nikairekebisha, kisha nikaenda Gatongora kurekebisha ya Kibe, na nikaona ni haki ajue.

Kibe alisikiliza akiwa ameshika shoka. "Ati nini?"

"Amekuwa akikupunja tangu ufungue hapa."

"Mwizi!" Redio ilikuwa inaimba, akaizima. "Mimi naamka saa kumi alfajiri! Nabeba nyama kwa mgongo! Na yule mzee ananiita kijana wangu, ananiuliza habari za mama yangu, kumbe ananiibia huku anacheka na mimi! Mtu wa namna gani huyo?"

Kibe aliendelea hivyo kwa muda, kisha sauti ikapungua. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye mizani yake mwenyewe.

"Usinicheke, mathe."

"Sijacheka."

"Umecheka na macho." Akaketi kwenye kreti. Mteja alipoingia, Kibe alimwambia arudi baadaye. "Rekebisha," akasema. "Rekebisha kabisa, mpaka ile gramu ya mwisho. Kwa hii yangu ilivyo siwezi kwenda kumpigia mtu kelele."

Nilipokuwa nikifunga sili, Kibe alivuka barabara kwenda kwa Ndirangu. Wale watu wawili hawakuwa wamesalimiana tangu Kibe afungue. Sikuwasikia walichosema, lakini baada ya dakika kumi niliwaona wamepanda boda boda moja, Kibe mbele na Ndirangu nyuma, wima kama aliyemeza ufagio, wakienda kwa mwenye nyama ya jumla. Walirudishiwa kitu fulani. Hawakuniambia ni nini na sikuuliza.

Je, ulikuwa wema? Nimeligeuza hilo jambo kila upande. Kibe hakutubu kwa ajili ya Nyambura. Alikasirika kwa ajili yake mwenyewe, kisha akajikuta hana mahali pa kusimama na hasira yake. Labda wema wa watu wengi huanzia hapo.

Aliandika bei mpya kwenye ubao, karibu sawa na ya Ndirangu. Nyambura alilalamika wiki mbili nzima kwamba Kibe amekuwa mchoyo, lakini hakuhama. Ndirangu alipata wateja watatu, labda wanne. Aliniita tena.

"Kwa hivyo haikuwa mizani," akasema.

"Haikuwa mizani peke yake."

Nasikia alianza kutabasamu kwa wateja siku za Jumamosi. Nilipita nikashuhudia. Lilikuwa jambo gumu kulitazama, lakini bidii ilionekana, na mpaka leo bucha yake iko wazi.

Karakana nayo ilisimama. Haikuwahi kurudi kuwa ya watu tisa mpaka mlipoajiriwa nyinyi. Jasbir hupenda kusema kwamba lile tangazo ndilo lililotuokoa, na huenda ni kweli, maana siku hizi wanunuzi wa makadamia na parachichi hutuita sisi kwa sababu wakulima wamekataa sili nyingine. Lakini mimi nilikuwepo. Alipokuwa akipiga magurudumu teke hakuna aliyejua habari za makadamia.

Jambo la mwisho lilitokea mwezi mmoja kabla ya ile keki. Mutua alinipigia simu. Nilikuwa nimesikia kwamba anauza na kukodisha mizani Ruiru, nyuma ya kituo cha treni. Aliniomba niende kumpimia zote, na zikifaa, nizifunge sili yetu. Nilimwambia Jasbir. Akasema, "Nenda ukaone. Ukiridhika, mimi nimeridhika."

Nilienda na kisanduku. Juu ya mlango palikuwa pameandikwa jina lake kamili, kwa herufi kubwa za kijani. Mvi zilikuwa zimemwingia. Aliniwekea kiti, cha miguu minne iliyo sawa, akasimama kando na mikono nyuma kama mtoto wa shule siku ya mtihani. Nilipima ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Hakuna hata moja iliyokosea. Kila nilipobana sili nilimsikia akipumua.

"Na ile?" nikamuuliza.

Pale uani, chini ya mabati, ilikuwepo mizani ya nane, kuukuu, ya jukwaa. Hapo alikuwa akinunua vyuma vikuukuu kwa watu wa mikokoteni, wanaovikusanya kuanzia Gatongora mpaka mjini. Mwanamke mmoja mzee alikuwa amemaliza kushusha gunia la mabati na ndoo zilizotoboka, akapokea chake akaondoka. Nikavaa glavu.

Nilijua mizani ambayo hakuna mteja anayeikagua ndiyo hueleza habari za mwenyewe. Niliweka kilo ishirini. Ikasoma ishirini na mbili.

Nikarudia. Ishirini na mbili. Nikaichunguza kama kuna springi iliyochoka au kutu kwenye visu. Ilikuwa safi. Mkono mzuri ulikuwa umeiweka hivyo.

"Mutua, hii inakuibia wewe."

"Najua, Mama."

"Naweza kuisawazisha kwa dakika tano."

"Najua. Hata mimi naweza." Alikuwa anatazama lile gunia la ndoo. "Iache tu."

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa kweli, maana nilitaka kujua kuliko nilivyowahi kutaka kujua jambo lolote katika kazi hii. Kama anataka kuwapa watu zaidi, si apandishe bei iwe wazi? Akasema akipandisha bei, wenye vyuma wote wa Ruiru watamjia na malori, na yule mama wa mkokoteni atasukumwa nje ya foleni. Kisha akasema hiyo si sababu yote. Nikangoja. Hakuimalizia; alitaja Gatongora tu, akaanza kupanga zile ndoo.

"Unajua siwezi kuipiga sili," nikamwambia.

"Nilijua hata kabla hujakuja."

Tukanywa chai pale pale uani. Nikatoa fomu nikaijaza: mizani nane, saba ziko sawa, moja ina makosa ya kuzidisha. Chini kuna mstari wa kuandika kwa nini mizani haikurekebishwa. Niliushikia kalamu kwa muda, Mutua akinitazama, kisha nikaandika ukweli: Mwenyewe amekataa.